Gololi Ndani ya Bomba la Breki

Nati ya bomba ilipolegea nikasogeza kopo chini yake, maana breki fluidi ikimwagikia rangi ya gari inaibabua. Nikangoja.

Hakikudondoka kitu.

Binti yangu alikuwa kwenye kiti cha dereva. Ndiye msaidizi wangu wa Jumapili. Nikamwambia akanyage breki.

"Nimekanyaga, baba."

"Kanyaga sawasawa."

"Baba, ndiyo nimekanyaga hivyo. Ngumu."

Nikaingiza waya mwembamba kwenye tundu la bomba, ukatoka na unga mwekundu wa kutu. Hilo ndilo bomba linalopeleka breki kwenye tairi la nyuma kushoto, na lilikuwa kavu, ukavu wa miaka. Nikalifuata kwa vidole juu ya ekseli hadi katikati, pale njia moja inapogawanyika kwenda kushoto na kulia. Nati ya kulia ilikuwa na pembe zake zote sita. Ya kushoto ilikuwa imetafunwa na plaizi hadi imeviringana.

Nilipoifungua hiyo, fluidi ikatiririka, nyeusi, na ndani yake kikaporomoka kitu kikalia "ti" kwenye kopo. Gololi ya baiskeli, ndogo sawa na punje ya pilipili manga.

Mtu aliiweka pale kwa makusudi, akakaza nati juu yake, akanawa mikono, akaenda zake.

## Kazi ya pikapu

Wanaonisoma siku nyingi wanaijua pikapu hii: Hilux ya zamani, bodi imeliwa na chumvi kama kila chuma kinacholala Tanga. Niliinunua Korogwe kwa bwana aliyekuwa akibebea mahindi. Mimi nabebea viti vya plastiki, maturubai, masufuria ya pilau na spika. Harusi za Makorora, hitima za Chumbageni, maulidi ya Mabokweni. Na juu ya viti, nisiwafiche, hukaa vijana wangu wa kufunga maturubai, wanne au watano, miguu inaning'inia, wakipigia miluzi kila anayepita na baiskeli.

Siku ya kununua niliijaribu kama anavyojaribu mtu yeyote. Nikaendesha, nikakanyaga breki, ikasimama. Pedali iko juu, imara. Nikalipa.

Gololi ilikuwa humo siku hiyo.

Labda.

Hiyo "labda" ndiyo iliyonikalia kooni wiki zote hizi.

## Shuu nzuri kupita kiasi

Nilikuwa nimeanza na upande wa kulia, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa kukikwaruza. Mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele, jeki, kisha stendi chini ya ekseli. Asiye na stendi atafute gogo zito la mti, asiweke matofali. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Breki ya mkono unaiachia, vinginevyo dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi, haitoki.

Dramu ya Toyota ikigandana na kutu watu huivamia kwa nyundo. Haina haja. Itazame usoni: ina matundu mawili madogo yenye nyuzi za bolti. Unaingiza bolti mbili za milimita 8, unazikaza kwa spana namba 12, huku robo zamu, kule robo zamu, na dramu inajisukuma yenyewe mpaka inaachia kwa mlio.

Vumbi la ndani usilipulize, wala usilielekezee kompresa. Shuu, yale mapande ya ndani yanayotanuka na kuibana dramu ukikanyaga, nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake likishatua mapafuni halina pa kutokea. Mimi nilimwagia maji ya sabuni, nikasugua kwa brashi, uchafu ukabaki kwenye karai.

Shuu za kulia zilikuwa zimebaki unene wa milimita moja hivi, ndio mwisho ambao kitabu cha Toyota kinaruhusu. Dramu ilikuwa na mikwaruzo, lakini kikomo chake kimeandikwa kwenye chuma chenyewe, milimita 256 kwa hii yangu, na kipimo nilichoazima kilionyesha bado haijafika.

Nikahamia kushoto. Dramu ikatoka. Shuu nene, safi, kingo zake bado zimenyooka.

Nikafurahi. Pesa imeokoka.

Halafu furaha ikaanza kuniwasha. Ekseli moja, umri mmoja, mguu mmoja unaokanyaga. Kwa nini kulia kuliwe mpaka chuma kinakaribia, kushoto kusiliwe? Shuu ambayo haiishi ni shuu ambayo haifanyi kazi. Hapo ndipo nilipokwenda kufungua nati ya bomba.

## Jinsi tairi moja linavyojificha

Swali la kwanza nililoulizwa na kila niliyemsimulia ni hili: muda wote huo hukujua?

Tukae hapa kidogo, maana ndipo palipo na hila.

Unapokanyaga breki, uzito wa gari hukimbilia mbele. Tairi za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi, na pikapu ikiwa tupu nyuma yake ni nyepesi kiasi kwamba waliotengeneza Hilux waliweka kabisa vali yenye fimbo iliyofungwa kwenye ekseli ya nyuma: mzigo ukiwa mdogo, vali inapunguza breki za nyuma zisije zikafunga tairi, mzigo ukikandamiza springi, inaziongezea. Sasa chukua pikapu tupu, kwenye barabara za Tanga mjini ambako mlima mkubwa ni tuta la kuzuia mwendo. Tairi moja la nyuma likikosekana, mguu wako utajuaje?

Breki ya mkono nayo inakudanganya. Ile haitumii fluidi, inavuta waya, na waya unatanua shuu za kushoto na kulia bila kujali kilichozibwa. Ukiegesha, gari linashika.

Na pedali? Hapa ndipo niliposhangaa zaidi. Silinda ya tairi, ile inayosukuma shuu, ikivuja, pedali inazama, inakuwa laini, dereva anaogopa. Ziba bomba, pedali inarudi juu, ngumu. Mwenye gari anakanyaga, anatabasamu, anamlipa fundi. Breki zimepungua, lakini mguu unaambiwa zimepona.

Kitu pekee kilichowahi kusema ukweli ni mvua. Wakati wa masika, nikikanyaga kwa ghafla pale barabara inapoteleza, mkia ulikuwa ukihamia kushoto kidogo. Vijana walisema ni tairi zimeisha. Tairi zilikuwa zimeisha kweli, kwa hiyo nani angebisha.

Kisha kuna Lushoto.

Kutoka Lushoto mjini hadi Mombo ni kilomita 33 hivi za kona, na unashuka karibu mita 1,000. Nilipiga hesabu usiku mmoja nikiwa sina usingizi. Pikapu na mzigo wake, tuseme tani mbili na nusu. Nguvu ya uzito huo kuteremka kimo hicho, ikigeuka yote kuwa joto, inachemsha ndoo tatu na nusu za maji, ndoo za lita 20. Ukishuka na gia ya pili, injini inalibeba sehemu kubwa ya joto hilo. Ukishuka gia ikiwa huru, linaishia kwenye breki. Na huko, mzigo ukiwa umejaa, tairi za nyuma si wasindikizaji tena.

Nimeshuka Lushoto na pikapu hii. Na vijana juu ya viti.

## Kumtafuta mwenye gololi

Nilitembea nayo mfukoni. Nikitafuta sarafu ya kulipia kahawa inatangulia kutoka yeye.

Nikampigia yule bwana wa Korogwe. Hakukasirika. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndugu yangu, mimi mwenyewe niliinunua hivyo hivyo. Breki zilikuwa zinashika."

"Ulinunua kwa nani?"

"Kwa mtu wa Same."

"Na yeye?"

"Sasa hapo unanionea."

Nilitaka mtu wa kumchukia, ndio ukweli. Nilikuwa nimeshamwandikia hotuba nzima kichwani huyo fundi wa gereji bubu, mwenye ovaroli chafu na sigara sikioni, asiye na uchungu na roho za watu.

Baada ya magharibi nikaenda barazani kwa jirani yangu, mzee aliyetumikia malori ya mboga ujana wake wote kabla ya macho kumchosha. Nikampa shikamoo, nikampa gololi.

Aliigeuza kiganjani kwenye mwanga wa taa. "Hii ni ya usukani wa baiskeli," akasema. Kisha akacheka.

"Aliyefanya hivi si mbaya, mwanangu. Huyu ni fundi. Mbaya angelikunja bomba akaliponda kwa nyundo, ukitaka kulirudisha huwezi. Huyu alikuachia mlango. Umefungua nati, umetoa, umemaliza."

"Mzee, wewe umewahi kuziba?"

"Mimi? Nimeziba kuliko ulivyofunga maturubai."

Akanisimulia lori la kabichi, usiku wa manane, karibu na Soni, kwenye mteremko huo huo wa Lushoto. Raba ya silinda ya tairi moja la nyuma imepasuka. Spea hakuna, simu za mkononi zilikuwa bado hazijaja, na kabichi zimeshaanza kutoa joto ndani ya viroba.

"Ukiacha hivyo, kila ukikanyaga fluidi inamwagika, breki za nyuma zote zinakwenda. Unabaki na za mbele peke yake. Ukiziba tairi moja, unabaki na tatu. Sasa wewe msomi, hebu chagua."

Sikuwa na la kusema.

"Nikaziba. Nikamwambia mwenye lori, ukifika Dar, badilisha silinda. Akafika Dar." Mzee akapuliza kahawa yake, akanywa. "Breki zikawa zinashika."

## Kimya kina wenyewe

Nilirudi nyumbani hotuba yangu yote imeharibika.

Maana mzee yule usiku ule alifanya jambo la busara. Ningekuwa mimi abiria wake, ningemshikia tochi. Gololi kwa safari moja ya usiku ni akili. Ila gololi haina tarehe ya kuisha. Ilipofika mjini haikulia, haikuvuja, haikuwasha taa yoyote. Fundi akaondoka na yake kichwani, mwenye gari akasahau, akauza, na aliyenunua akakanyaga pedali ikawa imara.

Nimewaza sana kwa nini hakuna aliyesema. Fundi akimwandikia mteja kwamba gari lina breki tatu, ajali ikitokea karatasi hiyo itamrudia yeye. Mwenye gari akimwambia mnunuzi, bei inashuka. Mnunuzi akiuliza sana, anaonekana msumbufu, gari linapewa mwingine. Kila mmoja ana sababu ya kunyamaza, na kila sababu ukiisikiliza peke yake ni ya haki. Funika kombe mwanaharamu apite. Tabu ni kwamba hapa mwanaharamu hapiti, anakaa humo humo ndani ya bomba na kupewa mtu mwingine.

Sisi tunaonunua magari ya mkono wa nne, wa tano, tunanunua na dharura za wote waliotutangulia. Nyaya zilizofungwa kwa nailoni. Thamostati iliyotolewa ikatupwa. Ukiwauliza waliofanya, wote watakwambia ilikuwa ya siku moja tu.

## Ikafika zamu yangu

Silinda ya kushoto nayo ilikuwa imekufa, pistoni zimekwama kwa kutu. Kuweka raba mpya humo ni kujisumbua, inatakiwa silinda nzima.

Duka la spea Ngamiani wakanipa mpya, ndani ya boksi lake. Bolti zikaingia, nati ya bomba ikaingia. Karibu nifunge. Lakini namba iliyochongwa mgongoni haikuwa ile ya silinda ya kulia. Kipenyo kilizidi kidogo. Silinda pana husukuma shuu kwa nguvu zaidi kwa mkanyago uleule. Ningeifunga, ningekuwa nimetoka kwenye gari lisilo na breki kushoto na kuingia kwenye gari linalovuta kushoto.

Yenye kipenyo sahihi ingetoka Dar, ije na basi. Wiki ijayo, wakasema.

Na Jumamosi ile nilikuwa na harusi. Lushoto.

Vijana walikuja jioni kupanga safari, wakakuta gari liko juu ya stendi. Mmoja wao, mwerevu kuliko wote, akasema, "Bosi, si ilikuwa inatembea hivyo hivyo? Rudisha kigololi twende, silinda ikija unafunga."

Msicheke. Mjibuni.

Gari lilelile, barabara ileile, dereva yuleyule, na tumekwenda na kurudi salama. Kilichobadilika ni nini? Kwenye chuma, hakuna. Nilikesha na swali hilo kuliko nilivyokesha na gololi yenyewe. Na malipo ya awali ya harusi nilikuwa nimeshayala.

Asubuhi yake nikawaita wote, nikawaeleza kama mzee alivyonieleza mimi. Tairi la nyuma kushoto halina breki. Kupanda hakuna shida. Nani anakaa juu ya viti?

Wakacheka, wakasukumana. Kisha mdogo wao, aliyekuwa amekaa pembeni anafunga kamba, akauliza, "Na kushuka je?"

Hakuna aliyemjibu. Mwerevu wangu akaanza kutafuta namba ya simu ya mtu mwenye Canter.

Faida yote ya harusi ile iliishia kwenye kukodi Canter, na kidogo juu yake. Mke wangu alipiga hesabu hiyo mbele yangu, polepole, kwa kalamu.

## Kutoa upepo

Silinda ilipofika, kazi yenyewe haikuwa ndefu. Shuu mpya pande zote mbili, maana kwenye ekseli moja hubadilishi upande mmoja. Bomba la kushoto nalo jipya, kwa sababu kutu ile ya ndani ingekwenda moja kwa moja kwenye silinda mpya.

Fluidi nilimwaga yote. Breki fluidi inanyonya maji ya hewani, na hewa yetu ya pwani hainyimi mtu maji. DOT 3, aina ya kawaida ya fluidi hiyo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Ikichemka inatoa mapovu, na povu likibanwa linabonyea tu, mguu unakwenda mpaka chini. Yule mtu anayekwambia ongeza oili ya injini kidogo kwa dharura, mkimbie. Oili inavimbisha raba za mfumo mzima.

Unaanza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, ile inayosukumwa na pedali. Kwa gari letu la usukani wa kulia, ni nyuma kushoto. Lilelile.

Binti akapanda kwenye kiti. Mimi chini, mpira mweupe umechomekwa kwenye kichuchu cha kutolea upepo, ncha yake imezama kwenye chupa yenye fluidi.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Nafungua, mapovu yanatoka, nafunga. "Achia."

"Nimeachia."

Baada ya muda akaanza kuimba amri zangu kabla sijazisema. Mapovu yakawa madogo, yakawa moja moja, yakaisha. Nikalizungusha dramu kwa mkono, nikamwambia akanyage. Likafunga kwa mkono wangu, papo hapo.

Sijui ni nani wa mwisho aliyeliona tairi lile likifanya hivyo.

## Daftari

Nimenunua daftari la shule, linakaa kwenye boksi la dashibodi. Ukurasa wa kwanza nimeandika gololi: ilikuwa wapi, ilitolewa lini, silinda ya namba gani imefungwa. Ukurasa wa pili nimeandika ambayo bado: mpira wa breki wa mbele kulia umeanza nyufa, waya wa breki ya mkono unakwama kidogo. Mzee jirani aliposikia akasema enzi zao angefukuzwa kazi kwa daftari la namna hiyo.

Majuzi akaja mtu wa Pangani anayebeba nazi. Amesikia labda nauza. Akaizunguka, akapiga tairi teke kama kawaida, akakanyaga pedali, akaridhika. Nikampa daftari. Akalisoma lote, amesimama juani, midomo inacheza. Alipomaliza akashusha bei kwa laki tano.

"Bwana, mbona gari lako lina mambo mengi?"

Nikamwambia ndiyo, mengine yamekwisha, mengine yameandikwa hapo. Akasema kuna nyingine Muheza, ya miaka hiyo hiyo, rangi nzuri, na mwenyewe anaapa breki zake hazijawahi kuguswa na fundi tangu aipate.

Sikugombana naye. Nilimwomba tu, kabla hajahesabu pesa, afungue dramu zote mbili za nyuma aweke shuu za kushoto na za kulia pamoja azitazame. Nikamwazima bolti zangu mbili za milimita 8. Mpaka naandika haya hajazirudisha, wala hajapiga simu.